Kamera za mnadani: andikeni bei ya kufika, siyo bei ya kwenye skrini

Ndugu Mhariri,

Kurasa za teknolojia za magazeti yetu zina mazoea ya kutaja bei ya kamera zilizotumika kama zilivyo kwenye minada ya mtandaoni. Kamera fulani, wanaandika, "inapatikana kwa dola 120 tu". Kijana wa Mbagala au Kisauni aliyeanza kupenda upigaji picha anaichukua namba hiyo, anaizidisha kwa kiwango cha fedha cha siku, anaona kapata. Wiki kadhaa baadaye kamera inamfikia kwa bei ambayo angenunulia nyingine kama hiyo hapa hapa, akiishika mkononi na kuijaribu kabla ya kulipa. Matapeli wapo, sikatai, lakini wengi wanaolipa kupita kiasi hawajatapeliwa na mtu. Muuzaji kaeleza alichoeleza, mnada umekwenda kwa kanuni zake, na mnunuzi kapandisha dau bila kikomo kilichopigiwa hesabu. Naomba nafasi niieleze hesabu hiyo, na nitashukuru kama waandishi wenu nao wataitumia.

Tuanze na mnada wenyewe. eBay, ulioanza mwaka 1995 na wenye kamera za kila aina, hauendeshwi kama mnada wa ng'ombe. Unapoandika dau, unaandika kikomo chako, na mtambo unakupandishia kidogo kidogo pale tu mwingine anapokusukuma. Hatua za kupanda zinategemea bei ilipofikia: kati ya dola 25 na 99.99 ni dola moja, kati ya 100 na 249.99 ni dola 2.50, kati ya 250 na 499.99 ni dola 5, na kati ya 500 na 999.99 ni dola 10. Kikomo chako kikiwa dola 164 na cha anayekufuatia kikiwa 140, unachukua kamera kwa 142.50. Kikomo chako halisi hakionekani kwa mtu.

Makosa mawili yanatokana na kutoielewa kanuni hii. La kwanza ni la anayeandika dola 300 kwa kitu cha 160 "ili nisipitwe", akiamini hatalipa zaidi ya bei ya kawaida. Hesabu yake ni sawa mpaka atokee mwenzake mwenye wazo hilo hilo. Wawili wa namna hiyo wakikutana, bei inaruka kutoka 150 hadi karibu 300 kwa kufumba na kufumbua, na mmoja wao lazima ailipe. La pili ni la anayedonoa: anaweka 90, anapitwa, anaweka 95, anapitwa, anaweka 100, siku nne mfululizo. Huyo anawaonyesha wengine kwamba kitu kina wateja, na yeye mwenyewe anaanza kukihesabu kuwa ni chake. Akipitwa siku ya mwisho anajiona kanyang'anywa, na hapo ndipo kikomo kinapovunjwa.

Dawa yake ni dau moja, lililoandikwa mwishoni. Kwa intaneti ya simu usisubiri sekunde tatu za mwisho. Sekunde 20 hadi 30 zinatosha, na ukurasa wa kuthibitisha uwe tayari umefunguliwa. Kikomo kiwe namba isiyo duara, kwa mfano 164.27 badala ya 160, kwa sababu watu wengi hukomea kwenye namba za duara, na vikomo viwili vikilingana aliyetangulia ndiye anayeshinda. Mbinu hii ya mwishoni haina faida kwenye minada ya Yahoo ya Japani, ambako dau la dakika za mwisho mara nyingi huongeza muda kwa dakika tano nyingine. Huko kinachobaki ni kikomo tu.

Saa ya kufungwa nayo ina bei yake. Wauzaji wengi wa Marekani hupanga mnada ufungwe Jumapili jioni, watu wakiwa nyumbani. Saa kumi na mbili jioni ya California ni Jumatatu alfajiri kwetu, saa kumi au saa kumi na moja kutegemea majira yao. Mshindani wako yuko macho kwenye kochi, wewe una usingizi. Tafuta minada inayofungwa katikati ya siku ya kazi kwao. Wanaoshindana ni wachache.

Sasa bei. Bei anayoitaka muuzaji haikuambii kitu. Kinachokuambia ni bei iliyolipwa. Kwenye kichujio cha utafutaji chagua vitu vilivyouzwa, kisha chukua angalau mauzo kumi ya modeli ile ile, hali ile ile, na vifaa vile vile. Ondoa iliyo juu kabisa na iliyo chini kabisa, halafu itazame ya katikati. Angalizo moja: bei iliyopigwa mstari maana yake muuzaji alikubali pungufu, na kilicholipwa hasa hakionyeshwi pale. Usiihesabu. Andika namba hizi kwenye daftari pamoja na tarehe, maana mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbukumbu ya mtu anayekitamani kitu huwa inaegemea upande wa kununua.

Kisha linganisha na maduka yanayouza kamera zilizotumika kwa bei iliyopangwa, bila mnada. KEH ya jimbo la Georgia, Marekani, iko kwenye biashara hii tangu 1979. MPB ya Brighton, Uingereza, ilianza 2011. Yote mawili huzikagua kamera, huzipanga kwa madaraja ya hali, na hutoa dhamana. Hata kama huagizi kwao, bei zao ni kipimo kizuri. Kwa maoni yangu, mnada usioshuka angalau asilimia 20 chini ya bei ya duka lenye dhamana haufai hata kufuatiliwa. Utashangaa ni mara ngapi mnada unakwenda juu ya bei hiyo, kwa sababu tu hakuna mshindani hata mmoja aliyefungua ukurasa wa pili kuangalia. Lenzi mpya nazo zisisahaulike. Canon ilipoitoa EF 50mm f/1.8 STM mwaka 2015, bei yake ilikuwa dola 125 hivi. Lenzi ya bei hiyo ikiwa mpya, ukijumlisha usafiri na kodi, haiachi nafasi ya kugombania iliyotumika.

Bei za mitindo ziogopwe zaidi. Contax T2, kamera ndogo ya filamu ya mwaka 1990, ilipanda bei vibaya baada ya mwanamitindo Kendall Jenner kuonekana nayo kwenye televisheni ya Marekani mwaka 2017. Ni kamera nzuri, lakini Kyocera iliyokuwa ikiitengeneza ilijitoa kwenye biashara ya kamera mwaka 2005, na mzunguko wake wa umeme ukifa, fundi hana pa kutoa kipuri isipokuwa kwenye Contax nyingine iliyokufa. Anayelipa bei ya mtindo analipia kitu ambacho kesho kinaweza kuwa pambo la kabati.

Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield, Capen, Clapp na Campbell, walieleza kwa nini kampuni zilizoshinda minada ya vitalu vya mafuta katika Ghuba ya Meksiko ziliishia kupata faida ndogo. Kila kampuni ilikisia thamani ya kitalu kwa data pungufu, na aliyeshinda alikuwa yule aliyekosea zaidi kwa upande wa juu. Kamera ni hivyo hivyo. Watu kumi wanatazama picha zile zile nane zenye giza. Tisa wameona kivuli cha kuvu pembeni mwa lenzi au wamekishuku, na wakashusha dau. Wa kumi hakukiona, ndiye mshindi. Kwa hiyo ukishinda dhidi ya watu wengi kwa kitu chenye maelezo machache, jiulize wao waliona nini.

Tuje kwenye hesabu ya kikomo. Inaanzia mwisho, yaani bei ya kitu hicho kikiwa mkononi mwako Dar es Salaam au Mombasa, halafu inarudi nyuma. Chukua mfano wa kamera ambayo hapa, imejaribiwa mbele yako, inauzwa sawa na dola 350. Kwa kuwa ya mnadani hujaishika, na kuirudisha ni gharama, toa 50 za hatari. Zimebaki 300. Toa 20 za wakala wa kutolea mzigo; zimebaki 280. Sasa, kwa kila dola utakayolipa kwa bei na usafiri kuna makato mawili. La kwanza ni la kubadilisha fedha kwenye kadi au PayPal. Weka asilimia 4. La pili ni ushuru na kodi. Katika nchi za Afrika Mashariki thamani ya forodha kwa kawaida ni bei ya kitu pamoja na bima na nauli ya kukileta, na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, inapigwa juu ya thamani hiyo ikishaongezewa ushuru. Viwango vya ushuru na tozo ndogo ndogo hubadilika na bajeti za kila Juni, hivyo muulize wakala kabla ya mnada. Kwa mfano huu tuseme jumla ni asilimia 30.

Kila dola moja, basi, inakuwa 1.34. Gawanya 280 kwa 1.34, unapata 208.96. Toa nauli ya dola 45, inabaki 163.96. Hicho ndicho kikomo chako kwa kamera ambayo mtaani ni 350. Wengi wakikiona wanaguna, wanasema kwa bei hiyo hawatashinda kamwe. Watashinda, ila siyo wiki hii. Minada ya modeli iliyotengenezwa kwa wingi haikatiki, na anayeshindwa mara sita akashinda ya saba kwa 158 yuko mbele kuliko aliyeshinda ya kwanza kwa 215.

Tazama pia kinachotokea kwenye ukingo. Ukiwa kwenye dola 164 na ukajiambia "hatua nne tu zaidi", umeongeza dola 10 kwenye skrini na 13.40 mfukoni. Kama kamera haina chaja wala betri na utazinunua kwa dola 25, 280 inashuka kuwa 255, na kikomo kinaanguka hadi dola 145 na senti 30. Betri za lithiamu zina masharti makali kwenye ndege, kwa hiyo wauzaji wengine huzitoa kabisa kwenye kifurushi. Soma kinachotumwa, usikisie kwa kuangalia picha.

Nauli ina mtego wake. Kampuni za kusafirisha kwa ndege hutoza kwa uzito au kwa ukubwa wa boksi, kile kilicho kikubwa. Kanuni iliyozoeleka ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Boksi la 30 kwa 25 kwa 20 linahesabiwa kilo 3, hata kama kamera na lenzi yake ni kilo moja na robo. Ndiyo maana mafungu yanayouzwa pamoja, kamera na lenzi tatu na begi na stendi na vichujio, yanapendeza kwenye picha na kuumiza kwenye nauli. Kwenye fungu la namna hiyo hesabu vile tu ambavyo ungevinunua kimoja kimoja. Lenzi ya 18-55mm iliyokuja na kamera iko kila mahali na bei yake ni ndogo. Begi na stendi zisizo na jina ni sifuri.

Kabla ya hali ya kitu, hakikisha kitafanya kazi na ulicho nacho. Hapa pesa nyingi hupotea bila mnunuzi kuona kosa la mtu. Lenzi ya Nikon AF 50mm f/1.8D haina mota ya kulenga ndani. Ukiifunga kwenye D3500 au D5600, ambazo nazo hazina mota ya kuizungusha, utalenga kwa mkono siku zote. Lenzi za Canon FD, aina ya zamani iliyoipisha aina mpya ya EF mwaka 1987, zimetengenezwa kukaa milimita 42 kutoka kwenye filamu, wakati kamera za EF zinahitaji 44. Milimita hizo mbili zinatosha kukunyima kulenga vitu vya mbali, isipokuwa utumie adapta yenye kioo inayopunguza ubora wa picha. Kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, kama Sony zenye mdomo wa lenzi wa aina ya E, ambao umbali wake ni milimita 18, lenzi hizo hizo zinafanya kazi vizuri kwa adapta rahisi. Na kuna Sony zilizouzwa kwa soko la ndani la Japani ambazo menyu yake ni Kijapani peke yake; bei yao huwa chini na sababu ni hiyo. Olympus OM-1 ya filamu ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haiuzwi tena. Ukiweka ya 1.5, kipimo cha mwanga kinadanganya.

Kuhusu hali, maneno ya tangazo yana uzito mdogo kuliko picha. Wauzaji wengi wa Japani hutumia madaraja ya "bora sana" yenye alama tano za kujumlisha, na mtu anadhani ni juu kabisa, kumbe mara nyingi iko chini ya "karibu mpya", na sentensi ya kuvu imewekwa aya ya nne. Neno la kuogopa kuliko yote ni "haijajaribiwa". Canon AE-1 bila betri yake ya volti 6 haifyatui kabisa, kwa hiyo muuzaji ana kisingizio, ingawa betri hiyo ni ya dola chache na yeye ana kamera 500 zilizouzwa. Lakini Pentax K1000 na Nikon FM2 zinafyatua bila betri. Betri ni ya kipimo cha mwanga tu. Muuzaji anayeandika "haijajaribiwa, sina betri" kwenye K1000 angeweza kuvuta mkono wa filamu na kubonyeza. Ichukulie kuwa mbovu, na dau lake liwe la vipuri. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia wakati gunia lenyewe liko wazi.

Omba picha nne. Moja ya lenzi ikiangaziwa kwa tochi kutoka nyuma, tundu lake la kupitisha mwanga likiwa wazi kabisa: nyuzi nyembamba kama za buibui ni kuvu, na utandu wa kijivu uliotanda sawasawa mara nyingi ni mvuke wa mafuta ya ndani. Utandu unaweza kusafishwa. Kuvu iliyokaa muda mrefu hula tabaka la juu la kioo, na hata ikisafishwa alama inabaki. Ikiwa katikati ya vioo viwili vilivyogundishwa, fundi wa kawaida haifikii. Pwani yetu yenye unyevu mwingi haina huruma na lenzi ambayo imeshaanza. Picha ya pili ni ya mapanga madogo yanayofunga tundu. Yaking'aa kwa mafuta, yatakwama au kuchelewa. Ya tatu, kwa kamera ya dijitali, ni picha ya anga au ukuta mweupe iliyopigwa kwa f/22, yaani tundu likiwa dogo, ili madoa ya sensa (kipande kinachopokea picha ndani ya kamera) yaonekane. Ya nne, kwa kamera ya filamu, ni ya mifereji ya mlango wa nyuma: sponji nyeusi iliyogeuka lami maana yake mwanga unaingia. Kuibadilisha ni kazi rahisi, lakini ni hoja ya kushusha dau.

Idadi ya mifyatuo, yaani mara ambazo shata ya kamera imefyatuka, iulizwe pia. Nikon D750 na Canon 5D Mark III zilipimwa na watengenezaji kwa mifyatuo 150,000, D850 kwa 200,000, D90 kwa 100,000. Siyo kikomo cha kufa, ila kamera yenye 140,000 haistahili bei ya yenye 20,000. Kwa Nikon namba hiyo imo ndani ya faili la picha na inasomeka kwa programu ya bure ya ExifTool, alimradi faili ni la asili. Picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshaondolewa taarifa hizo. Canon za aina ya 5D kwa kawaida haziiandiki humo. Muuzaji aonyeshe namba kwa programu inayosoma kamera yenyewe.

La mwisho linawahusu hasa wasomaji wa huku. Dhamana ya eBay ya kurudishiwa fedha inakupa siku 30 tangu mzigo ufike au tangu siku ya mwisho ulipotarajiwa kufika, lakini haiulindi mzigo ambao umepelekwa anuani nyingine baada ya kupokelewa ya kwanza. Maana yake, ukitumia wakala mwenye ghala Uingereza au Marekani anayekusanya mizigo na kuileta Dar au Nairobi, dhamana imeishia ghalani. Nauli ya wakala ni nafuu kweli, lakini ile dola 50 ya hatari kwenye hesabu yetu iongezwe. Mimi ningeweka 80 kwa kamera ya filamu na zaidi ya hapo kwa lenzi ghali. Mlipe wakala kidogo afungue boksi na kupiga picha kabla halijaondoka, kama anakubali. Mzigo unaokuja moja kwa moja kwako, rekodi video ya kulifungua boksi bila kukata, lebo ikionekana, na siku hiyo hiyo jaribu kila kasi ya shata, kila tundu la lenzi na kila kitufe. Kasoro ikionekana, dai kupitia ukurasa wa manunuzi wenyewe. Ahadi ya kupunguziwa bei inayoletwa kwa ujumbe wa pembeni haina wa kuisimamia.

Wako,
Mpenzi wa kamera za zamani, Tanga